Namba Nilizozisoma kwa Sauti

Jumamosi, Juni 21

Mvua bado haijaanza. Zahanati ina daftari lake la namba, na muuguzi Latyr hulifungia kabatini. Hili ni langu mwenyewe. Mwaka jana niliyasahau mengi waliyoyasema watu wangu, na namba peke yake hazichekeshi.

Watu wangu ni kumi na mmoja, wote wana kisukari. Kila Alhamisi asubuhi tunakutana kwenye banda la mabati nyuma ya zahanati. Nawapima, tunapika, tunakula pamoja, kila mtu anarudi kwake. Mimi si muuguzi. Ni mke wa fundi cherehani, nilisoma siku kumi na nne kule mjini Fatick nikapewa cheti. Baba yangu alikufa na ugonjwa huu huu akiwa haoni wala hatembei, na mpaka wiki ya mwisho watu walikuwa wakimletea chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, eti wamhurumie. Kwa hiyo mimi simhurumii mtu.

Alhamisi, Juni 26

Leo tulipika kuskusi ya uwele kwa mchuzi wa majani ya mlonge, kunde, na samaki mkavu mmoja tu wa kutia harufu. Vidonge vya mchuzi vya dukani, vilivyojaa chumvi, nimepiga marufuku. Nilichukua mwiko nikagawa bakuli kubwa mbele yao: nusu mboga, robo kuskusi, robo kunde na samaki. Kila mtu ale sehemu iliyo mbele yake, asivuke kwa jirani.

Mzee Diogoye Diouf, dereva wa lori mstaafu na mtani wa ukoo wetu wa Faye, akapiga makofi. "Njooni mwone maajabu! Mtu wa ukoo wa Faye anafundisha wenzake kula kidogo! Si ninyi mnaolamba bakuli mpaka rangi inatoka?"

"Na ninyi akina Diouf si ndio mnaosubiri makombo yetu mlangoni?"

"Ndiyo maana tuna njaa mpaka leo, hamjawahi kubakiza!"

Wakacheka wote. Kisha nikasoma namba kwa sauti, kama kawaida yangu. Mtu ambaye hajala anatakiwa awe karibu na gramu moja ya sukari kwa lita ya damu. Mwenye namba nzuri hupigiwa makofi, mwenye namba mbaya husimama na kueleza alikula nini. Wengine wanalalamika, lakini inafanya kazi.

Wa kwanza, kama kila wiki, ni dada Mbissine. Gramu moja na nukta moja. Anajidunga insulini asubuhi na jioni bila kukosa, na chupa zake anaziweka kwenye chungu chenye mchanga mbichi, nyumba yao haina friji. Ningekuwa na watu kama yeye watano, Latyr angefunga zahanati akalime. Shida yake ni moja tu, mke mwenza. Mume wao alifariki miaka miwili iliyopita, nao wamebaki kwenye ua mmoja, meko mawili, hawasemezani. Ngoné, yule mdogo, ana ulimi wa wembe, na mji mzima unajua walivyotukanana siku ya arobaini ya marehemu.

Jumatatu, Juni 30

Mvua ya kwanza. Wanaume wametoka na farasi na majembe. Paa letu linavuja palepale.

Alhamisi, Julai 3

Dada Mbissine: mbili na nusu. Anasema ni joto. Nimemwamini.

Alhamisi, Julai 10

Mbissine: tatu. Nilimsimamisha. Akasema, "Sijui, Daba. Nakula kama ulivyotufundisha." Hakunitazama alipokuwa akisema.

Jumamosi, Julai 12

Nimemkamata. Nilikuwa nyuma ya wanawake wa dagaa pale sokoni, hakuniona. Alinunua sukari ya vipande, pakiti nzima, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, akatazama kulia na kushoto kama mwizi.

Pakiti nzima. Na mimi nilikuwa nikimtaja kwa wengine kama mfano.

Jumapili, Julai 13

Tunapanda karanga. Mgongo unauma. Bado nina hasira.

Alhamisi, Julai 17

Niandike yote, maana leo nimefanya kazi yangu.

Sukari ya Mbissine ilikuwa tatu na nusu. Nilisoma namba za wengine kwanza, yake nikaiacha mwisho. Nikasema, "Dada Mbissine, simama utueleze."

Akasimama. Amekonda, shingo imetoka mishipa. "Sina la kueleza, mdogo wangu."

"Ulikula nini jana?"

"Kuskusi na majani."

"Na nini kingine?"

"Maji."

"Sasa fungua pindo lako."

Akaweka mkono juu ya fundo pale kiunoni. "Daba, niache."

"Kama huna cha kuficha, fungua."

Angeweza kutoka. Nilidhani atatoka. Badala yake alifungua fundo taratibu, kama mtu anayefungua kidonda, vipande vinne vya sukari vikaanguka kwenye saruji. Mtu mmoja akaguna. Mama muuza maziwa, mmoja wa watu wangu, akacheka, wengine wakafuata. Nikasema, "Mnaona? Mtu anajidunga insulini ya zahanati halafu anakula sukari kwa siri. Huyu ndiye tuliyekuwa tunampigia makofi."

Mzee Diogoye hakucheka. Aliinama kwa shida na goti lake lile, akaviokota vile vipande kimoja kimoja, akamrudishia mkononi.

Mbissine akavifunga tena. "Umemaliza?" akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nimemaliza."

"Haya. Mungu akulipe kwa kazi yako." Akavaa kandambili zake, akaenda.

Njiani kwenda nyumbani mzee Diogoye alinifuata. "Binti Faye, leo hukuwa mtani wangu. Leo ulikuwa askari." Nikamwambia baba yangu angepata askari angekuwa hai. Akasema, "Labda," akakata kona.

Alhamisi, Julai 24

Mbissine hakuja.

Alhamisi, Julai 31

Hakuja. Latyr anasema chupa zake za mwezi alikuja kuzichukua Jumanne, nilipokuwa shambani. Aibu inamla. Atarudi mwenyewe.

Jumanne, Agosti 5

Mvua siku tatu mfululizo. Bonde lote limejaa maji, uwele umesimama mpaka magoti. Nilimwona Mbissine anapalilia peku, matope yanampita vifundo. Kandambili alikuwa ameziacha juu ya tuta. Nimewafundisha mara ngapi kwamba mwenye kisukari hatembei peku, mguu hausikii? Nilitaka kupiga kelele. Nikamsalimia tu. Akaitikia, akanyoosha mgongo, akaendelea kupalilia. Alipumua kama aliyepanda mlima.

Alhamisi, Agosti 7

Watu saba tu. Nimewauliza wengine wako wapi. Mama muuza maziwa akasema, "Wanaogopa kufunguliwa vitenge." Wakacheka, mimi sikucheka.

Alhamisi, Agosti 14

Baada ya mafunzo nilikwenda kwa Mbissine. Ngoné alinizuia langoni, mikono kiunoni.

"Unatafuta nini?"

"Nimekuja kumwona dada Mbissine."

"Kwani hukumwona? Mbona uliwaonyesha watu wote?"

"Ngoné, mimi namtakia mema. Wewe ndiye usiyemtakia."

Nilidhani atanivaa. Uso wake ukabadilika, sijui niseme ukawaje, akatazama chini. "Amelala," akasema. "Mwache alale."

Nyuma yake nilimwona binti yake, Siga, anakunywa maji mtungini, kata moja, ya pili, ya tatu. Binti wa miaka kumi na tisa, anaolewa baada ya mavuno, na mwembamba hivyo! Nilifikiri mabinti siku hizi wanajikondesha ili gauni likae. Hilo ndilo nililofikiri. Cheti changu kimetundikwa ukutani.

Jumamosi, Agosti 23

Siga alikuja mbio asubuhi, akashika mlango hawezi kusema. "Shangazi Daba, mama mkubwa ameanguka."

Nilichukua kipimo, nikamtuma mume wangu kwa Latyr. Nilimkuta Mbissine kwenye mkeka, midomo imekauka, pumzi ya haraka yenye harufu ya tunda lililooza. Nikafunua mguu. Unyayoni kulikuwa na tundu la bua la uwele au msumari, Mungu anajua, na nyama yote kulizunguka imekuwa nyeusi mpaka kwenye vidole. Hakuwa amesikia kitu. Kipimo hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake.

Latyr aliingiza mkono kwenye chungu cha mchanga, akatoa chupa. Tupu. Ya pili, tupu.

"Nilimpa za mwezi mzima," akasema. "Zimekwenda wapi?"

Mbissine alifungua macho. Hakumtazama Latyr wala mimi. Alimtazama Siga, akatikisa kichwa kidogo sana, kama kumwambia nyamaza. Nililiona hilo. Sikulielewa.

Gari la wagonjwa lisingeweza kuvuka bonde, kwa hiyo tulimpakia kwenye mkokoteni wa farasi mpaka barabara ya lami. Ngoné alipanda bila kuombwa. Alikaa kwenye mbao, akaupakata ule mguu kwenye mapaja yake, ule mguu wenye harufu ile, akaukinga mvua kwa mtandio wake. Njia nzima alirudia neno moja: "Vumilia. Vumilia." Wanawake ambao hawajasemezana miaka miwili.

Jumatatu, Agosti 25

Hospitali ya mkoa. Wameukata mguu chini ya goti jana mchana. Daktari anasema uchafu umeshaingia kwenye damu, na kwamba tumechelewa. Alisema hivyo kwa upole, bora angenipigia kelele.

Mbissine alikuwa macho. Ngoné alimwinua kichwa, akamnywesha maji kwa kijiko, kisha akaniambia, "Kaa. Anataka kusema na wewe."

"Daba," akasema Mbissine, "yule mtoto anao."

"Mtoto gani?"

"Siga. Tangu Juni. Alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe, anakojoa usiku kucha, anakonda. Nikampima kwa kipimo changu. Ikatoka nne na zaidi."

Nikasogea karibu na kitanda.

"Ukampa insulini yako."

"Tukagawana. Asubuhi yeye, jioni yeye. Mimi zikibaki. Dozi yake nilikisia, kidogo kidogo, kwa woga. Siku zingine ikimshuka anatoka jasho, anaongea ovyo. Ndipo namwekea sukari mdomoni. Lazima niwe nayo popote nilipo, tukiwa shambani, tukiwa kisimani."

Sukari ya vipande. Pindo la kitenge.

"Mimi ndiye niliyemwapisha," Ngoné akasema bila kuinua macho. "Mama wa mchumba anauza mkate pale mlangoni mwa zahanati. Siga akionekana kwenye foleni mara moja tu, ndoa imekufa. Nilimwomba Mbissine tuvumilie mpaka mavuno, aolewe kwanza. Nilimpigia magoti, mimi, niliyemtukana mbele ya watu. Akaniambia, inuka, huyu ni mtoto wa mume wangu."

"Dada Mbissine," nikasema, "mbona hukuniambia? Mimi peke yangu. Latyr angeleta chupa nyingine, hata kwa siri, tungepata njia."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo ninaloshindwa kulibeba.

"Ungeisoma Alhamisi, mdogo wangu. Mbele ya watu."

Akafumba macho kupumzika. Ngoné akamfunika mabega.

Alhamisi, Agosti 28

Nimefungua banda, nimepima, nimeandika. Sikusoma namba. Watu walikaa wakingoja nisome. Mzee Diogoye akasema tupike. Tukapika.

Jumapili, Agosti 31

Dada Mbissine amefariki leo alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri, mvua ikinyesha. Kaburi lilikuwa linaingia maji, wanaume wakayateka kwa ndoo.

Jumatano, Septemba 3

Nimekwenda kwenye msiba siku zote tatu. Ngoné ndiye anayepokea rambirambi, na watu wananong'ona: mnafiki huyo, analia nini, sasa ua wote ni wake. Mwezi uliopita ningenong'ona nao. Mmoja alinigeukia: "Daba, wewe si ulisema alikuwa anakula sukari kwa siri? Basi amejiua mwenyewe."

Nimeshika siri ya mtoto wa watu. Siwezi kumtetea marehemu bila kumvua nguo aliye hai. Nikasema, "Si kweli. Nilikosea." Wakanitazama, wakaendelea na uji.

Alhamisi, Septemba 4

Latyr amemwandikisha Siga; dawa alianza kumpa siku ile ile niliporudi kutoka hospitali nikamweleza. Anakwenda kumdunga kwao mwenyewe, kwa mlango wa nyuma, mfuko wa dawa umefunikwa kwa majani ya kunde. Ngoné anasisitiza: mpaka harusi. Sikumkatalia. Nani mimi wa kumwambia mtu aseme mbele ya watu?

Jumatano, Septemba 10

Uwele umeanza kukomaa. Ndege wameshauvamia.

Jumamosi, Septemba 13

Siga alikuja kwangu. Alikaa mbele ya cherehani ya mume wangu, akazungusha gurudumu kwa kidole.

"Shangazi, nataka kukuuliza, usinidanganye. Mimi ndiye niliyemmaliza?"

Nilitaka kusema hapana haraka haraka. Nikaona atajua.

"Insulini aliyokupa ilikuwa yake," nikamwambia, "na alikupa akijua. Lakini alikuwa na mahali pa kuja kuomba nyingine. Mahali hapo pana mlango, na mimi ndiye niliyeufunga. Nilimwaibisha akaacha kuja. Mguu wake ningeuona Alhamisi ya kwanza. Ukitafuta wa kumlaumu, anza na mimi."

Alilia bila sauti. Baadaye akasema, "Simwezi mama. Anataka nifiche. Mama mkubwa ameshakufa, mimi naficha nini tena?"

"Unataka kufanya nini?"

"Nitamwambia Waly mwenyewe." Waly ndiye mchumba.

Sikumshauri. Nilimpa maji, nikamsindikiza mpaka kona.

Ijumaa, Septemba 19

Amemwambia. Waly alisema haijalishi. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jana wajomba zake wamekuja watatu, wamevaa kanzu safi, wakasema wanaomba radhi, mambo yameingiliana, kokwa za kola walizoleta mwaka jana kwa posa zisihesabiwe. Waly mwenyewe hakuja. Ngoné aliwatilia maji ya kunywa, akawasindikiza mpaka langoni, akarudi akaketi kwenye meko ya Mbissine yaliyopoa, akakaa hapo mpaka jua likazama.

Asubuhi hii mama wa Waly alikuwa anauza mkate palepale. Alinisalimia. Nikaitikia. Mwezi uliopita ningemwita shetani. Ni mama mwenye hofu, na hofu yake nimesaidia kuikuza kila Alhamisi, nikisoma namba za watu dirisha likiwa wazi.

Alhamisi, Septemba 25

Watu tisa. Kabla ya kupima nilisimama mahali pale pale aliposimama Mbissine.

Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa Siga. Alisema, "Sema yote, shangazi." Nikasema yote: ile sukari ilikuwa ya nani, chupa zilikwenda wapi, nani alimvua nani nguo. Nikasema kuanzia leo namba ya mtu ni ya mtu. Mama muuza maziwa alijifunika uso kwa mtandio, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

"Na mimi sikumtetea," akasema mzee Diogoye. "Niliokota tu. Kuokota ni rahisi."

Hakuna aliyepika leo. Tulikaa, tukaondoka.

Jumatatu, Oktoba 6

Mavuno. Uwele wa Mbissine amevuna Ngoné. Wake hajaugusa bado.

Alhamisi, Oktoba 9

Siga alikuja leo kwa mlango wa mbele, Ngoné nyuma yake na sufuria kichwani, yule Ngoné ambaye hajawahi kukanyaga banda hili. Watu wakasogea kwenye benchi. Hakuna aliyepiga makofi, nawashukuru kwa hilo.

Ngoné akatua sufuria. "Nimepika mwenyewe," akasema, macho kwangu, sauti kama anataka ugomvi. "Kama kuna makosa niambie hapa hapa. Sitaki kuambiwa pembeni."

Nikaonja. Nikamwambia chumvi imezidi. Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Kisha akaniomba sindano. Alitaka kujifunza kumdunga binti yake, siku ambazo hatajiweza. Latyr alivuta maji safi kwenye sindano, akampa chungwa la kujaribia. Mara ya kwanza ilipinda, ya pili ikatoka. Mkono ulikuwa unamtetemeka mpaka chungwa likaanguka likaviringika chini ya benchi, akaliokota, akaanza tena, jasho limemjaa usoni.

"Mbissine hakuwa akitetemeka," akasema.

Siga alikuwa amekaa karibu naye, bega kwa bega.

"Alikuwa anatetemeka, mama," akasema. "Kila siku."